Mursik Kabla ya Kisu

Askari wa langoni alikiona kibuyu kwanza, kisha akamwona mwenye kibuyu.

"Mama, leo nani ameshinda mbio?" akauliza akicheka. "Hiyo mursik si ungeipeleka airport? Wakimbiaji wanashukia huko."

"Wangu bado hajakimbia," Rael akamjibu. "Anaingia uwanjani saa nne."

Askari alitaka kuongeza utani, lakini alipouangalia uso wa yule mama aliona heri afungue lango tu.

Kule kijijini Ziwa alikotoka Rael, mursik ya kila siku, maziwa ya mgando, ni ya kulia ugali, na hakuna anayeuliza nani anakunywa. Lakini mursik ya kibuyu cha heshima, maziwa yaliyotulia siku nyingi pamoja na mkaa wa mti wa senetwet mpaka yakashika rangi ya majivu, hiyo si ya mtu anayeondoka. Ni ya anayerudi. Amerudi na medali, amerudi kutoka jeshini, amerudi kutoka ng'ambo na digrii yake: anangojewa na kibuyu. Rael alikuwa amekiandaa hiki kwa ajili ya Chebet, mke wa mwanawe. Nia yake ilikuwa kikae chini ya kitanda hadi Chebet atolewe thieta ya upasuaji akiwa anapumua. Hapo ndipo angemimina.

Chebet alikuwa fundi wa cherehani pale sentani Ziwa, mshonaji wa sare za shule. Tumbo lake lilikuwa limefura kama la mama wa miezi sita, na watu wa soko wasiomjua walikuwa wakimpongeza. "Asante," angewajibu, sindano mdomoni, "lakini hawa wangu ni mawe." Waliomjua hawakumpongeza. Miaka yote hiyo ya ndoa, kwenye chama cha akina mama kila mtu alikuwa Mama Fulani, Mama Fulani, na yeye alikuwa Chebet tu, kama msichana aliyekuja kusalimia.

Mawe yenyewe yalikuwa uvimbe ndani ya kizazi. Mara ya kwanza alitolewa uvimbe huo kwenye kliniki moja ya mjini, akaambiwa nenda nyumbani uzae. Hakuzaa. Kidonda kilitunga usaha, kikachukua muda mrefu kufunga, na huko ndani, ambako jicho halifiki, mambo yalifunga vibaya zaidi. Kisha uvimbe ukaota tena, mwingi kuliko wa kwanza. Kila mwezi alivuja damu mpaka akawa anashona akiwa ameketi juu ya khanga iliyokunjwa, kichwa kikizunguka, rangi ya viganja ikimtoka.

Sasa alikuwa amelazwa wodi ya wanawake katika hospitali moja kubwa ya Eldoret, na siku hiyo ilikuwa ya kisu.

Rael alipofika wodini alimkuta Kigen, mwanawe, amesimama mguuni pa kitanda ameshika kofia kwa mikono miwili. Kando yake alisimama Mzee Zachariah, kaka wa marehemu mumewe Rael, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Chebet alikuwa amelala ubavu, amewapa mgongo wote wawili.

"Mama, umefika vizuri," Zachariah akasema. "Tumemaliza kuomba. Mambo yameshapangwa."

"Yamepangwa vipi?"

Kigen akaangalia kofia yake. Zachariah ndiye aliyesema.

"Daktari Njenga alituita jana pale korido. Amesema safari hii kinatolewa kizazi chote. Ule upasuaji wa kwanza ulifanya matumbo yashikane na kizazi kama gundi, na damu yake iko chini sana. Akianza kuchokoa uvimbe mmoja mmoja, huyu binti atamfia mezani. Sisi tukasema, daktari, uhai kwanza."

"Aliwaita nyinyi korido," Rael akasema polepole. "Na mwenye tumbo?"

"Aliletewa karatasi baadaye, akaweka sahihi."

"Niliweka," Chebet akasema bila kugeuka, "baada ya mwenye mke kulia na mwenye Biblia kunipigia kelele sikioni."

"Chebet!" Kigen akasema.

"Nimedanganya?"

Kigen alikuwa kijana mwema, dereva wa trekta, mtu wa kuogopa kifo tangu alipomzika baba yake. Rael alimjua. Alijua pia ile korido. Kipyego mumewe alipolazwa na mguu uliooza kwa sukari, madaktari walimwita Zachariah korido, wakazungumza, wakarudi wakiwa wamekubaliana. Rael alikuwa ameketi pale pale kwenye benchi, umbali wa kunyoosha mkono, na hakuna aliyemgeukia kumuuliza, Mama, huyu mtu wako anataka nini?

"Asubuhi hii nimewaambia hapana," Chebet akaendelea, sasa amegeuka, macho yamezama lakini makali. "Nimemwambia nesi. Nimemwambia huyu. Nimemwambia na Mzee. Wote wananijibu, ni woga wa kisu, utaisha."

"Ni woga," Zachariah akasema kwa upole wa mtu aliyeshinda. "Hata Daudi aliogopa. Na usiwaze habari ya watoto, binti yangu. Desturi ipo. Mwanamke asiye na mtoto anaweza kumtolea mahari msichana, akamwoa yeye mwenyewe, watoto wakazaliwa wakaitwa wa nyumba yake. Bibi zetu walifanya hivyo, na moto wa nyumba haukuzimika."

Rael akamtazama shemejiye toka viatu hadi kofia.

"Mzee wa kanisa," akasema, "mwaka jana ulimtoa mama Tapsubei kwenye meza ya Bwana kwa kuoa msichana kwa desturi hiyo hiyo. Leo imetakasika vipi?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akakohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Alikuwa mama mnene kutoka Kesses, akiitwa Mama Ronnie, na alikuwa na mazoea ya kusikiliza kwa masikio yote mawili.

Zachariah akasema kwamba pahali penye wagonjwa si pa mabishano, naye anakwenda kumtafuta nesi. Akamshika Kigen begani wakatoka pamoja. Korido tena, Rael akawaza.

Walipotoweka mlangoni, Chebet alimshika mkono.

"Mama, nisikilize kabla hawajarudi. Mimi si mjinga. Najua naweza kufa. Lakini Mama Ronnie hapa alikuwa na uvimbe kama wangu, na kovu kama langu."

"Kabisa," Mama Ronnie akaitikia, akainua blanketi kama mwenye kuonyesha bidhaa. "Daktari Nasike ndiye alinifungua. Mama wa Kibukusu, mfupi, haongei sana. Alitoa mawe akaacha nyumba. Hiyo kazi inamchukua saa nyingi kuliko wenzake, lakini anaifanya. Zamu yake ya thieta ni Alhamisi."

"Na leo ni Jumanne," Chebet akasema. "Nimeomba ningoje Alhamisi, wanasema orodha imepangwa. Mama, mdomo wangu wameukataa." Akakitazama kibuyu. "Nimiminie."

Rael hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Tangu jana jioni Chebet hakuruhusiwa hata maji. Mtu aliyekula hapelekwi thieta. Dawa ya usingizi humtapisha, na matapishi humwingia mapafuni. Hiyo hata mtoto wa wodi ile alijua. Ilikuwa imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa nyekundu.

"Mwanangu, hii ni ya kurudi."

"Najua ni ya nini."

"Na damu je? Ukivuja ukafa kati ya leo na Alhamisi, nitamwambia nini Mungu?"

"Mwambie Chebet aliomba mwenyewe. Kwa mdomo wake." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka. "Woga wataubishia, Mama. Maziwa hayabishiwi."

Rael alifumba macho. Hakuomba kwa sauti; alikuwa mjane wa muda mrefu, na yeye na Mungu wake walikuwa wamezoea kuongea kwa ufupi. Bwana, kama ni dhambi iandike kwangu, si kwa huyu. Akafungua macho, akazibua kibuyu, akakitikisa kama inavyopaswa, akamimina kikombe mpaka juu. Harufu ya moshi ikaenea wodi nzima. Akina mama wakaanza kuinua vichwa mmoja mmoja.

Chebet akaketi. Akakishika kwa mikono miwili na kunywa bila kupumzika, koo likipanda na kushuka, mpaka akageuza kikombe chini kuonyesha kimekwisha.

"Ngai," akasema mama mmoja dirishani. "Huyo amekunywa kiapo."

Nesi Linet alipoingia na kitanda cha magurudumu, Zachariah na Kigen wakimfuata, alikuta mgonjwa wake ameketi wima, masharubu ya kijivu juu ya mdomo.

"Chebet, hujaweka kitu mdomoni, sivyo?"

"Nimeweka. Mursik. Kikombe kizima."

Nesi akaachia kitanda kikagonga ukuta. "Nani amekupa?"

"Mimi," Rael akasema akisimama. "Kwa mkono huu. Andika jina langu kama kuna mahali pa kuandika."

"Mwanamke!" Zachariah akanguruma. "Umemfanyia nini mtoto wa watu?"

"Nimemfanyia alichoniomba. Jaribu siku moja, Mzee, utashangaa ni rahisi namna gani."

Wodi ikacheka. Kigen peke yake hakucheka. Alimtazama mkewe, na mkewe akamtazama, na Rael akaona mwanawe akivaa kofia taratibu, kama mtu aliyemaliza kuzika kitu.

"Mama," akasema Kigen, "hata mimi sikumuuliza."

"Si yuko hapo? Muulize."

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Walichonong'onezana Rael hakukisikia. Aliondoka kidogo, akijifanya anafunga kibuyu.

Daktari Njenga alikuja mwenyewe, amekunja uso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewaona wanawake wengi wakimalizika damu mbele yake, na woga wake ulikuwa wa haki. Alikaripia alivyotakiwa kukaripia. Alimwambia Chebet angeweza kukataa kwa mdomo akasikilizwa, bila kuhatarisha maisha kwa maziwa.

"Nilikataa kwa mdomo, daktari," Chebet akasema. "Ulikuwa korido."

Daktari alikunja faili, akalikunjua, mwishowe akasema, "Nasike ana mkono wa subira. Mimi hiyo kazi nisingeijaribu, sikufichi. Nitamwambia akuone. Lakini leo hii uongezwe damu, si kesho."

Daktari Nasike alikuja jioni ile ile, akavuta kiti, akaketi. Hilo tu lilimfanya Rael ampende. Hakumtazama Zachariah wala Kigen, alimtazama Chebet.

"Nikuambie yaliyo mabaya kwanza," akasema. "Matumbo yako yameshikana na kizazi. Nikiyatenganisha naweza kutoboa utumbo. Utavuja damu nyingi. Nikifaulu, kizazi kitakuwa na makovu juu ya makovu, na huenda usishike mimba kamwe. Ukishika, mtoto atatoka kwa kupasuliwa, kabla uchungu haujaanza. Ukingoja uchungu nyumbani Ziwa, kovu linaweza kupasuka mkafa wote wawili. Na uvimbe unaweza kuota tena. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Na nikiona unakufa mezani, nitatoa kizazi. Hapo sitakuuliza, kwa sababu utakuwa umelala. Ndiyo maana nakuuliza sasa."

Nje, kengele ya kanisa fulani ilikuwa inagonga.

"Ukiona nakufa, toa," Chebet akasema. "Ukiona navuja tu, pigana."

"Hayo nimeelewa," daktari akasema, na akampa mkono, kama watu wanaouziana ng'ombe wakielewana.

Habari zilifika Ziwa kabla ya giza. Kesho yake akina mama wa chama walijaa hospitalini na vitambaa vyao vya kichwa, wakisukumana kwenye foleni ya kutoa damu. Rael alirudishwa kwa umri, akabaki kuwashikia mikoba. Kigen alitoa akazimia, akaamshwa kwa soda, akina mama wakamcheka mpaka nesi akawafukuza. "Mnaona," mmoja akasema, "tone moja tu, na mwenzake anavuja kila mwezi akishona!"

Alhamisi Chebet hakunywa hata mate yake. Alipokuwa akisukumwa kuelekea thieta alimwonyesha Rael kidole. "Kibuyu ukifiche, Mama. Leo nisikione."

Kazi ile ilikuwa ndefu. Rael aliketi kwenye benchi, mikono mapajani, akiusoma ule mlango kama watu wanavyosoma mawingu wakati wa kuvuna. Mara nesi angetoka akienda mbio na kurudi na mifuko ya damu kifuani. Kila mfuko ulipopita Rael alisema, "Asante, Mama Brayo. Asante, Mama Sharon," ingawa hakujua ni ya nani. Zachariah alikuwa ameketi mbali, kimya safari hii. Watu wengine walitoka, kelele ikapungua, jua likahama dirisha moja likaenda la pili.

Hatimaye Nasike akatoka, kofia ya thieta mkononi, nywele zimelowa jasho.

"Yuko hai," akasema. "Na kizazi kipo. Kilinitoa jasho, Mama. Pahali pamoja nilikuwa nimeshashika uzi wa kukiondoa. Damu ikapungua, nikauachilia. Utumbo nao ulichanika kidogo, nikaushona. Huo ndio wa kuchunga sasa."

Ndipo kazi ya pili ikaanza. Utumbo ulioshikwashikwa ulikataa kuamka. Tumbo la Chebet likafura likawa gumu kama ngoma. Akatapika maji ya kijani. Wakampitisha mpira puani. Kila asubuhi daktari angeweka kifaa chake juu ya tumbo, asikilize, na kuuliza swali lile lile: "Ametoa hewa?" Bado. Nasike hakusema, lakini Rael aliona jinsi anavyouma mdomo: hewa isipotoka, itabidi tumbo lifunguliwe tena, na kizazi kile kilichoshonwashonwa hakingevumilia kufunguliwa tena. Wodi nzima ikaanza kungoja hewa ya Chebet. Mama Ronnie aliwaambia wageni wake, kabla ya salamu, "Bado hajatoa."

Jumapili Zachariah alikuja kuomba. Akasimama mguuni pa kitanda, akainua mikono, akaanza kwa sauti ya ukumbi.

"Baba, tunamleta mjakazi wako aliyeshupaza shingo. Tunajua, Baba, kuwa kiburi hutangulia anguko. Mfundishe kunyenyekea, Baba. Mfundishe kusikiliza wakubwa wake. Sema neno, Baba, nasi tutasikia..."

Na hapo, chini ya blanketi, neno likatoka.

Lilikuwa refu. Lilianza kwa unyonge kama mlango usiotiwa mafuta, likapata nguvu, likamalizikia kwa kishindo. Zachariah alibaki mikono juu. Mama Ronnie akapiga kigelegele kilichosikika mpaka wodi ya wanaume.

"Ametoa! Nesi Linet! Chebet ametoa!"

Akina mama wakaitikia, kitanda kwa kitanda, vigelegele na makofi. Hata yule wa dirishani, mwenye dripu mbili, alipiga kwa mkono uliokuwa huru. Chebet alikuwa anacheka huku ameshika kidonda kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka. "Msinichekeshe, nyuzi zitakatika! Mzee, samahani. Mzee, endelea tu."

"Amina," Zachariah akasema kwa sauti ndogo, akashusha mikono.

Rael alikuwa amejifunika uso kwa leso. Alikuwa akilia, na kucheka, na kumshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakuwahi kukitaja katika maombi maisha yake yote.

Daktari aliruhusu maji kwanza, halafu uji mwepesi. Siku ya kutoka ilipofika, Nasike alirudia yote, mbele ya Kigen na mbele ya Zachariah, lakini macho kwa Chebet: angoje mwaka na zaidi, asibebe madebe, akikosa siku zake aje mara moja. "Mimi siahidi mtoto," akasema. "Niliahidi kupigana tu."

"Na maziwa, daktari?" Rael akauliza.

"Maziwa anywe." Nasike akamkazia jicho. "Sasa."

Rael akakitoa kibuyu kipya, kwa maana kile cha kwanza hakikuwa cha kurudiwa. Akakitikisa, akamimina. Chebet alinywa akiwa amesimama, amevaa gauni lake mwenyewe la maua, tumbo limeshuka. Mursik ikampaka kijivu mdomoni, asijifute. Akampa Kigen, Kigen akanywa, akampa Mama Ronnie, ambaye hakuwa wa ukoo lakini hakuna aliyethubutu kumruka.

Zachariah alikuwa amesimama mlangoni, nusu wodini nusu korido, akizungusha kofia.

"Ni vizuri umepona, binti yangu," akasema. "Namshukuru Mungu, kweli. Lakini nikuulize kama mzazi. Umeteseka hivi vyote. Na kama mtoto hatakuja?"

Rael alifungua mdomo, akaufunga. Halikuwa swali lake.

"Basi hatakuja," Chebet akasema. "Na mimi nitarudi Ziwa kushona nikiwa na tumbo langu, lenye makovu yangu, niliyoyachagua nikiwa macho. Akija, ataitwa jina nitakalompa mimi." Akakichukua kikombe kutoka kwa Mama Ronnie, akakiinua kuelekea mlangoni. "Ingia ndani, Mzee. Korido hatunywei."

Zachariah akamtazama Kigen, Kigen akaangalia dirishani. Akamtazama Rael, na Rael tayari alikuwa ameinamisha kibuyu, anangoja.

Mzee akaingia, akapokea kikombe kwa mikono miwili.